Mistari ya Mkaa

Mlangoni pa banda nimechora kwa mkaa:
kushoto siku njema, kulia siku mbaya.
Daktari Nsajigwa ndiye aliyeagiza.
"Usiuulize moyo," alisema. "Moyo una upendeleo.
Hesabu."

Basi nahesabu.
Hamsini ana miaka ishirini na saba.
Jina ni la namba aliyochomwa ubavuni
enzi zake za kikosi, enzi za gwaride na vumbi.
Sasa magego yamekwisha. Namlowekea pumba
mpaka ziwe uji, na nusu yake humtiririka kidevuni.
Kwato za mbele zina moto,
nikizishika nahisi mapigo.
Husimama ameegemea nyuma
kama mtu anayekataa kuvuka mtaro.

Jumatatu alilala, akashindwa kuinuka.
Tulimwinua watu watano na kamba,
mmoja wetu muuza chipsi, bado kashika mwiko.
Aliposimama akatafuna majani mawili.
Nikachora kushoto.

Mwanamkasi alikuwa nyuma yangu na ndoo.
"Kondo," akasema,
"hiyo siku njema ni yake au yako?"

Sikumjibu. Nilichukua ndoo.
Usiku nikarudi na kitambaa kibichi
nikafuta mistari sita.

Farasi hazikwi kwa jembe.
Sharti ukodi kijiko, na kijiko kina ratiba:
wiki hii kipo Bunju, kinachimba misingi.
"Shimo la choo, mzee?" dereva akauliza kwenye simu.
Nikasema ndiyo.
Nikampa vipimo, akacheka: "Choo cha ukoo mzima!"
Nami nikacheka, Mungu anisamehe.
Tukakubaliana Alhamisi,
kabla masika hayajajaza maji ardhi ya Kunduchi.

Kwa hiyo kifo kina tarehe, kina malipo ya awali,
na anayekufa hajaambiwa.

Leo Alhamisi.
Na leo, wallahi, ameamka vizuri.
Kala maganda ya tikiti, kanipekua mfuko wa shati,
kalia kwa ile sauti yake ya zamani
mpaka mbwa wa jirani kanyamaza.
Nilimpigia daktari nikiwa na matumaini ya kijinga.
"Ndiyo siku yenyewe," alisema. "Au unataka
umuage chini, kwenye matope, saa nane za usiku?"

Nasikia kijiko kinakata kona pale dukani.
Naokota mkaa.
Nachora kushoto, mstari mmoja, wa haki,
nafuta mkono kwenye suruali,
naenda kufungua geti.