Vifungo Vitano

Funga daftari kwanza, Bwana Afya.
Faini utaiandika, kalamu haina miguu.
Keti hapo kwenye ndoo ya rangi, ni kavu,
uniambie tena nani kakushitakia harufu
nyuma ya banda langu, hapa Keko Machungwa.

Ilinuka, sikatai. Aprili ilinuka.
Masika yaliingia, hewa ikakosa pa kupita,
machicha ya nazi yakagandamana kama uji uliolala,
nzi wakaja kwa ukoo.
Kosa langu: nilirundika maji juu ya maji.
Nikaenda kwa mafundi wa vitanda
nikaomba maranda, viroba vinne,
nikafumua, nikachanganya, nikaiacha ipumue.
Sasa nusa.
Nusa, Bwana Afya, pua haitozwi kodi.
Ni vumbi lililoguswa na tone la kwanza.

Shika nondo hii, imelala humo tangu alfajiri.
Umeona? Umeiachia!
Wala hamna kuni mle, wala mkaa.
Ni walaji wasioonekana, na mla kwa bidii hutoka jasho.
Wakishiba wao, moto hushuka, wanakuja wapole:
kuvu mweupe kama uzi wa pamba,
jongoo, nyungunyungu,
kila mmoja anakula kilichomshinda mwenzake.

Nikimwaga ndoo kumi, nazoa tatu.
Usiniulize nani kaiba saba.
Zimepaa, zimekuwa pumzi;
labda umezivuta wewe
ulipokuwa unaandika jina langu.

Andika vizuri: Mwanamtama binti Pazi.
Kuoza ni neno lenye milango miwili.
Kwa mmoja baba alinioza, kwa udi na ubani,
kwa Sikujua Kibwana, fundi makabati.
Kwa wa pili nilimsindikiza yeye Sikujua,
nikarudi peke yangu.

Nguo zake niligawa.
Shati moja lilikosa mtu: la pamba, la kazini,
kwapa limechanika, doa la gundi kifuani,
kola imekunywa jasho la miaka kumi na tisa.
Lipelekwe Pugu likalale na nepi na chupa?
Nililifukia humu, katikati, penye moto.
Miezi mitano sikugusa upande ule.

Juzi nikachekecha.
Sikuona kola. Sikuona kwapa, mshono, wala doa.
Niliona udongo mweusi,
ukiufinya unashikana, ukiuachia unamomonyoka,
uliosahau kama ulikuwa ganda la kiazi,
unga wa mninga, au mgongo wa mume wangu
ulioinama juu ya randa.
Nikasema, sikujua itakuwa hivi;
nikasikia nimemwita.

Na hivi hapa. Vifungo vyake. Vya plastiki,
vinang'aa kama siku aliyovinunua.
Ndivyo pekee vilivyokataa kuwa kitu kingine.

Umesema nikikaidi nitakula kifungo.
Chagua basi, ninavyo vitano.

Haya, nimekutania. Njoo huku.
Mchanga wetu huu unaujua:
unaumwagia asubuhi, adhuhuri hauna habari.
Tia mkono hapa, nilipouchanganya.
Jana jioni, kopo moja tu, na bado una ubaridi.
Haushibi upesi, hausahau upesi.
Nao pia utaliwa, polepole,
wajukuu wangu wataukuta umepungua,
wataongeza maganda yao.

Mkeo mwambie maganda ya ndizi asitupe,
nitamtuma kijana ayafuate.
Na mchicha uchume mwenyewe, wa bure,
ule tuta la kule mwisho.
Hili la karibu liache kwanza.
Bado tunaongea.