Umeme Usiotulia

Mashine ya ukungu imekufa tangu Jumatatu.
Vali yake imepasuka kwa baridi, na vali mpya
ingali njiani, kwenye treni, popote treni ilipo.
Mimi ndiye fundi. Ndiyo maana kila mtu
katika kiwanda hiki cha sufu ya mbuzi, Ulaanbaatar,
ananitazama kama mdaiwa.

Nje ni nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Ndani hewa imekauka kama kauli ya mwenye nyumba.
Narangerel analisha sufu kwenye magurudumu ya plastiki
na sufu inagoma:
inasimama, inatawanyika, inampanda mikononi,
kila unywele unamkimbia nduguye.

"Imelogwa," anasema. "Au wewe ndiye hujui kazi."

Nikamwambia: sufu na plastiki zikigusana tu,
elektroni huhama. Ndogo mno, hazibishi hodi.
Sufu hutoa, plastiki hupokea,
wala hakuna kilichoumbwa; mizigo imebadili mabega.
Kusugua ni kugusana huko huko,
ila mara nyingi, mahali pengi, upesi upesi.
Na deni halionekani mpaka ziachane.
Zikishaachana, kila unywele una upungufu uleule,
na wenye upungufu mmoja hawakai pamoja.

"Zamani hewa yenye unyevu ilikuwa inalilipa polepole.
Sasa hakuna wa kulipa."

"Na kwa nini sufu ndiyo itoe?"

Nikavua kofia nijikune. Kofia ikatatarika.
Hilo, dada, hata maprofesa bado wanavutana.

Wameuita umeme tuli.
Aliyeupa jina hilo hakuvaa sweta.

Jioni, zamu ilipokwisha, niliwakuta langoni,
yeye na Tsolmon wake wa miaka mitano,
mtoto amezongwa skafu hadi machoni,
ametoka mbio, koti la nailoni linamlia mwilini.
Narangerel akavua glavu, akatoa ufunguo,
akaugusisha kwanza kwenye nguzo ya chuma
kama nilivyomfundisha.
Ta! Cheche ya buluu, ndogo kama punje ya mtama.
Akanitupia jicho: haya, umesema kweli.
Kisha akainama amnuse mwanawe kipaji cha uso,
ndivyo mama wa huku wanavyobusu,

ta!

Koti nalo lilikuwa na hesabu zake.

Tsolmon akashika paji. Hakulia.
Alimtazama mama yake, akaitazama nguzo,
halafu akanitazama mimi.
Hata yeye.