Fundo la Isale

Mwalimu alisema, soma. Ndekirwa akasimama,
akavuta pumzi kama anayejitwika mkungu wa ndizi,
akasoma: "Vipande selasini vya zahabu."

Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi.
Si Twalibu, si wale mapacha wa Njoro.
Mimi, ninayelala naye chumba kimoja Pasua,
ninayevaa soksi zake zangu zikilowa.
Nikarudia kwa sauti ya puani, selasini, selasini,
mpaka neno likamganda kama kupe.
Hata muuza mihogo wa getini akamwita Selasini.

Nilicheka nini? Baba yangu husema zahabu
akiwa na hasira, au akipigiwa simu kutoka huko juu.
Nilimcheka baba kwenye mdomo wa mwingine,
mahali ambapo baba hasikii.

Jumatatu begi lake halikuwepo.
Amepanda, mama akasema.
Na wewe utapanda. Na isale mkononi.

Masale nayajua: yamo kwenye vyungu vya hoteli,
wauza miche wa barabara ya Arusha wanayo, elfu tatu shina.
Ua la kupambia ua, basi.
Baba akasema linafungwa fundo. Fundo gani, sikuuliza.
Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba miaka kumi na mitano
nimeitwa Mmachame
kama mtu anavyoitwa kwa namba ya mtihani.
Nikatafuta kwenye simu. Simu ikanionesha tai,
kamba za viatu, namna ya kumfunga ng'ombe.

Nkwarungo kulikuwa na ukungu. Nikafuata mfongo,
maji yakinipita kwa haraka ya mtu ajuaye aendako,
jani mkononi, refu, bichi, limenyooka
kama ulimi uliokosa la kusema.

Alikuwa anakata majani ya ng'ombe.
Aliniona. Hakuacha kukata.
Nikalinyoosha.
Akalitazama, akanitazama.
"Hilo bado ni jani," akasema.

Kisha yeye, niliyemkosea,
akafuta utomvu kwenye kaptula,
akaja kusimama upande wangu, bega kwa bega:
kunja hapa. Si hivyo, utalichana.
Pitisha ncha. Vuta taratibu.
Vidole vyake vilinuka maziwa na chuma.
Mara mbili nikakosea. Ya tatu likakaza.

Akarudi nyuma hatua tatu, pale pale alipokuwa,
akaokota panga, akainama, akakata,
kana kwamba mimi sijafika bado.

Nikafika.

Sitasema kwamba tangu siku ile nakijua Kimachame.
Nina maneno kumi na moja, manne ni matusi.
Kwenye fomu ya zahanati, penye kabila,
kalamu yangu bado hutua kwanza kabla ya kuandika.
Ila juzi zamu ya kusoma iliponiangukia,
nikaifikia thelathini, na ulimi ukasimama
kama mgeni kwenye njia panda.

Dawati la nyuma, Ndekirwa akakohoa.
Namjua kikohozi chake.
Alikuwa anacheka.