Kumbukumbu za Kikao, Ghorofa ya Tisa

Naandika kumbukumbu. Ndiyo kazi yangu hapa Wilmington,
dirisha likitazama mto Christina na maegesho yaliyolowa.
Kampuni yetu huunda bawaba. Bawaba tu:
za kabati, za malango, za milango ya hospitali
inayofunguka pande zote mbili.

Mkataba niliupiga chapa mwenyewe, mwaka ule Bwana Tressler
alipouza nusu ya hisa zake, akabaki na neno lake.
Kurasa thelathini na moja. Ibara ya nne ndiyo moyo:
bodi haitakopa, haitauza, haitaajiri wala kufukuza
bila ridhaa yake ya maandishi.
Wakurugenzi saba wakatia saini. Kisha tukala keki.

Miaka sita waliketi, wakakohoa, wakaafiki.
Delphine Yarrow alichora samaki pembeni mwa ajenda.
Akidi ilitimia kila mara.
Kilichokosekana hakikuwa na safu ya kukiandikia.

Halafu Februari, jaji mmoja, mitaa mitatu kutoka hapa,
katika kesi ya watu wengine kabisa,
akaandika kwamba kuongoza ni kazi ya bodi,
na anayeifunga mikono kwa mkataba amefunga hewa.
Nikapiga mstari juu ya ibara ya nne.

Machi, hoja ilikuwa kiwanda cha Seaford.
Bwana Tressler alitaka kifungwe.
Delphine hakuchora kitu.
Niliandika "hapana" mara tano; mkono ulisita,
sikuwahi kuliandika neno hilo humu ndani.
Na pembeni, kwa penseli:

    Bodi imeota meno, kizee cha jana hicho,
    Lakataliwa agano, lililotufumba jicho,
    Mikono mia, mikono, bado ina ishikacho,
    Sheria nayo mlango, bawaba ziko kwa nani?

Ziko Dover, saa moja kwa gari.
Wabunge waliogopa kampuni zitahama na ada zake.
Kwetu husema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama;
hapa kisu hupelekwa kwanza bungeni, kikanolewa.
Aya tatu tu: kampuni yaweza, kwa hiari yake,
kuahidi kwa mwanahisa kutofanya hili wala lile.
Gavana akatia saini Julai. Agosti mosi
ibara ya nne ikarudi, imenenepa,
mkataba sasa kurasa thelathini na nne.
Hiari ya nani, sikuuliza. Karani haulizi.

Nami ni mwanahisa. Hisa arobaini,
zilizokatwa kwenye mshahara kidogo kidogo.
Sina mkataba na mtu.
Kura yangu huenda kwa posta.

Oktoba, Luther Mapp alipiga simu kutoka Seaford:
"Mama Shebwana, ile hapana yetu imekwenda wapi?"
Nikamwambia iko kwenye jalada la Machi, ukurasa wa tisa,
haijafutwa, haifutiki.
Akanyamaza. Nilisikia mashine zikibururwa nyuma yake.

Shairi nililifuta. Mashairi si sehemu ya kumbukumbu.

Delphine alijiuzulu kwa barua ya mistari miwili.
Kwenye kiti chake nikaokota ajenda:
samaki, kama zamani,
ila safari hii wana meno.
Nikaitia kwenye jalada, nikaandika:
kikao kilifungwa saa nane na dakika kumi.