Pua ya Kukopa

Baba amefiwa na pua yake.
Tangu homa ile ya Februari kahawa kwake ni maji ya moto,
samaki wa siki ni ubaridi wenye miiba,
na duka la Brogaard, kwenye mteremko wa bandarini Svendborg,
lina makopo sitini rafuni na mchanganyaji asiyenusa.

Kwa hiyo ameniajiri mimi.
Mshahara: chakula cha mchana.

"Ragnhild," anasema, "vuta kidogo. Usimeze.
Uache moshi ukae ulimini kama mgeni
ambaye hajaambiwa aketi wapi."
Kiko amekishindilia mwenyewe, kwa kanuni ya babu yake:
chini kwa mkono wa mtoto,
katikati kwa mkono wa mama,
juu kwa mkono wa baba mwenye deni.
Njiti ya kwanza haihesabiwi. Majani yanavimba, yanainuka
kama waumini waliogutushwa usingizini kanisani.
Anayabonyeza yakae. Njiti ya pili.

"Sema."
"Nzuri."
"Nzuri si ladha. Nzuri ni adabu."

Navuta tena.
Mbele kabisa, nyasi zilizokatwa jana: hiyo ni Virginia,
hapo sikosei, na utamu wake
ni wa ganda la mkate wa rai lililoungua kidogo.
Anaandika. Penseli yake ni fupi kuliko kidole gumba.
Pembeni mwa ulimi kuna kitu kinachachuka:
tini iliyosahauliwa mfukoni, pilipili manga,
kizibo cha chupa ya siki.
"Perike," anasema. "Imetoka Louisiana. Imekaa mwaka mzima
ikikandamizwa ndani ya pipa la wiski.
Hata wewe ungechachuka."

Halafu, nyuma, karibu na koo,
kitu ninachokijua, nacho hakitaki kutajwa.

"Sema, binti."
"Koti la shangazi Gudrun."
"Koti?"
"Lile la sufu. Alipotoka mvuani
akaketi kalipa mgongo jiko. Sufu mbichi,
moshi wa kuni, lami kwa mbali,
na zile hasira zake."

Baba anacheka hadi miwani inamdondoka.
"Latakia imezidi! Gramu mbili!
Gudrun maisha yake yote alizidi kwa gramu mbili."
Anakata mstari, anaandika upya,
na kwa mara ya kwanza tangu Februari
anapiga mluzi, vibaya.

Bakuli limefika nusu.
Nyasi, tini, koti: vimeacha kugombana.
Natafuta neno, sipati.
"Ni kama chumba," nasema,
"ambacho watu wametoka sasa hivi, na viti bado vina joto."
Hilo haliandiki.

Ananipokonya kiko, anakigusisha shavuni.
"Unavuta kwa pupa. Mti umechemka."
Anakitega sikioni.
"Maji chini. Unasikia? Kama panya anakunywa."
Anautazama moshi ukipanda mbele ya dirisha,
mwembamba, wa buluu, hauna haraka.
"Huo," anasema, "ndio nilioukusudia."

Kisha anakiingiza kati ya meno,
penye pengo ambalo miaka arobaini imelichonga,
anavuta, anafumba macho.
Nangoja kama mtu anayengoja barua
kutoka ofisi isiyojibu.

"Joto," anasema.
"Joto tu."

Lori la bia linapita nje, vioo vinatetemeka.
"Lakini ni joto zuri."

Sikumwambia kwamba nzuri ni adabu.
Nilichukua kopo na kalamu, nikauliza, tuliite nini?
"Andika kumi na saba.
Jina litarudi na pua."

Nikakigonga kiko ukingoni mwa kisahani.
Majivu yakaanguka meupe, makavu, mepesi,
pasipo chembe nyeusi hata moja.
Hayo aliyaona mwenyewe.