Saa Moja ya Alhamisi

Miaka mitano nilisoma meno.
Nilikariri mizizi yake kama majina ya wajomba,
hata ule mfereji wa nne unaojificha ndani ya gego la juu.
Kuhusu watu kama Onzima tulipewa saa moja,
Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana.
Mhadhiri alikohoa, akasema, "Hao mtawapeleka hospitali kubwa,"
akafuta ubao.
Sikuuliza. Nilikuwa na njaa.

Leo hospitali kubwa ni mimi:
Arua, juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
ngazi kumi na nne ambazo sikuwahi kuzihesabu
mpaka Ayikoru alipozipanda na kaka yake mgongoni,
mwanamume wa miaka ishirini na miwili, miguu ikigonga ukuta,
kiti chake cha magurudumu kimebaki chini kwa fundi.
"Wewe ndiye Nambozo wa meno?"
Nikaitika kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa.

Barua waliyokuja nayo ilikuwa na mstari mmoja:
*Hashirikiani. Ng'oa yote.*
Imepigwa muhuri.

Kiti changu kiliundwa kwa mgongo ulionyooka;
wake una kona zake.
Nikawasha taa, mwili wote ukaruka
kama mlango uliopigwa na upepo.
Nikasema, "Fungua kinywa." Kikafumba.
Nikarudia kwa nguvu.
"Anasikia," dada akasema. "Kelele ni zako."
Nikapenyeza kidole. Akakiuma.
Si kwa hasira. Taya lake lina amri zake,
yeye mwenyewe haulizwi.
Macho yake yaliniomba radhi
kabla sijamaliza kusema *aii*.

Kisha umeme ukakatika.
Taa ikafa, kiti kikagoma,
na mabega ya Onzima yakashuka, mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Kumbe ilikuwa taa," Ayikoru akasema.
Akatandika kitenge sakafuni, karibu na dirisha,
akalaza kichwa cha kaka yake pajani,
kiganja chini ya kidevu.
"Usimwambie afungue. Subiri pumzi.
Ya tatu hufungua mwenyewe."
Moja.
Mbili.
Nikapiga magoti. Somo hilo halikuwemo.

Fizi zilikuwa zimeyapanda meno kama kichuguu:
vidonge vya kifafa, hilo nililijua, kitabu kilisema.
Kitabu hakikusema kwamba dawa yake ya utotoni
ilikuwa tamu kama soda,
na kwamba aliinywa kila usiku, baada ya mswaki,
kwa mkono wa mama aliyefuata maagizo.
Nikahesabu meno ishirini na manane. Yaliyooza, mawili.
Mawili, bwana mwenye muhuri.

Tuliyatoa hayo mawili hadi saa tisa,
ganzi kidogo, pumzi, ganzi kidogo.
Kwenye benchi mtu mmoja aliondoka akinung'unika.

Kabla hawajashuka Ayikoru akanionyesha mswaki wa nyumbani:
mpini umezungushiwa tyubu ya baiskeli mpaka ukanenepa,
ili mkono usiofumba vizuri uweze kuushika.
Nikamuuliza nani alimfundisha.
"Nani angenifundisha?"

Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema.
Cheti changu kinaning'inia ukutani,
cheupe, kimenyooka,
hakitafuni kitu.

Mwenye duka amenipa chumba cha nyuma, kule chini.
Kinanuka oili na hakina ngazi.
Usiku nimekata tyubu; mpini wa kwanza umeteleza,
wa pili pia.

Jumanne wamerudi.
Onzima akaniangalia, midomo ikaanza kulitafuta neno,
nami, kwa mazoea, nikamgeukia dada.
Ayikoru akatazama dirishani, makusudi.
Basi nikasubiri.
Moja. Mbili.
"Ki-do-le?" akauliza.
Nikamwonyesha.
Kimepona, nikasema. Alama ipo.