Usiku Mmoja Tu

Endel alisema ni usiku mmoja tu.
Akachomeka diski nyuma ya rauta,
juu ya kabati la viatu, hapa Tartu, ghorofa ya nne,
ili picha za ziwa lililoganda zionekane kwenye televisheni
kabla wageni hawajavua makoti.
Wageni walikula, wakavaa makoti, wakaondoka.
Diski haikuondoka.

Vipupwe vitatu sasa inazunguka.
Endel mwenyewe alichomolewa mwezi Machi,
hospitalini, na nesi mwenye mikono ya uvuguvugu,
na bado kile kisanduku, kisichozidi pakiti ya siagi,
kinavuma chini ya koti lake nililoshindwa kumpa mtu.
Paka alikigundua kabla yangu:
hukiatamia kama kuku aliyepewa yai
lisilo na nia ya kuanguliwa.

Nilimwita Kaspar, mtoto wa jirani,
miaka kumi na mitano, ndevu saba.
Akaweka kiganja, akakiondoa upesi.
"Mama Vilja, kitu hiki hakikuumbwa kukesha.
Kinachakaa. Siku moja kitagoma
na vyote vilivyomo.
Kichomoe. Au basi tukifundishe kulala."

Kufundisha diski kulala!
Mimi mwenyewe somo hilo limenitoka.
Akabonyeza hapa na pale kwenye simu yake:
isipoguswa dakika kumi na tano, ijilalie.
Tukangoja na chai. Mvumo ukashuka,
ukawa pumzi, ukawa kimya,
na nyumba ikawa kubwa ghafla,
kama pengo la jino ulimi unapolipima.

Saa tisa usiku ikaamka.
Krr. Kirr-kirr. Taa ya buluu ikapepesa.
Paka alikuwa miguuni pangu.
Kesho yake tena, saa tisa.
Keshokutwa tena.
Jumamosi na Jumapili ikalala fofofo.

Nikadhani mwizi. Nikadhani panya.
Nikadhani, Mungu anisamehe, Endel.

Kaspar akasoma kumbukumbu za rauta,
kidole kikishuka mstari kwa mstari.
"Anayebisha hodi ana ufunguo. Anajiita Heldi.
Anafungua folda moja tu, ile ya Jikoni.
Anatoka Hobart. Ni wapi huko?"

Ninajua ni wapi. Nimepapima kwa rula kwenye ramani.
Saa tisa yangu ya usiku ni saa sita yake ya mchana,
mapumziko ya kazi, mkate mkononi.
Binti yangu, asiyenipigia simu
tangu niuze nyumba ya babu yake kule Võru
bila kumwuliza,
kila siku ya kazi anafika hadi kwenye kabati langu la viatu,
kimya, bila kupangusa miguu,
kumtazama baba yake akirusha chapati za maji hewani,
ya tatu ikianguka nyuma ya jiko,
naye akimkemea aliyeshika kamera.
Aliyeshika kamera ni mimi.
Sauti yangu imo, inacheka.

Sikumwambia Kaspar zaidi ya asante.
Sikupiga simu. Mtu akiingia kwa mlango wa nyuma
humwashii taa usoni.

Lakini Alhamisi umeme ulikatika dakika nne
nikasimama gizani nikihesabu,
na Ijumaa nilinunua betri ya akiba kabla ya mkate.
Kisha nikajifunza kutia kitu kipya foldani.
Nilirekodi birika, dirisha,
theluji juu ya gari la mtu,
mguno wa paka alipoondolewa kwenye joto lake.
Sikusema neno. Nilikohoa mara moja, bila kukusudia.
Nikakiacha kikohozi.

Leo Jumatatu. Saa tisa kasoro dakika mbili.
Nimekaa kwenye kigoda cha kuvalia viatu,
mkono wa koti la Endel begani pangu.
Diski imelala.
Usiku mmoja tu, nimemwambia paka.